Je, wajua kikombe cha chai kinaweza kuharibu podikasti?

Chukua mazungumzo ya saa moja. Dakika ya 40 mgeni ametoa jambo zito, na wewe mhariri unaona lingekaa vizuri dakika ya tano, kabla msikilizaji hajachoka akaenda zake. Kwenye podikasti ya sauti hiyo ni kazi ndogo: unakata kipande, unakipeleka mbele, unalainisha maungio, umemaliza. Sasa jaribu hivyohivyo kwenye video. Dakika ya nne kikombe cha mgeni kimejaa chai na mvuke unafuka. Dakika ya tano yamebaki majani tu chini. Dakika ya sita kimejaa tena. Lile jambo zito halitasikika. Watu watakuwa kwenye maoni wanajadili chai.

Nahariri podikasti za watu hapa Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mbona kuongeza video kunakula siku nyingi hivyo, wakati mazungumzo ni yaleyale na kamera yenyewe ni simu tu imewekwa kwenye stendi? Anayeuliza ana haki ya kushangaa. Kwa nje inaonekana umeongeza macho kwenye kitu ambacho tayari kilikuwa na masikio. Ila podikasti ya sauti inaishi kwa kuficha, na kamera inafichua.

Podikasti ilizaliwa ikiwa sauti. Neno lenyewe kwa Kiingereza lilitokea Februari 2004 katika makala ya Ben Hammersley kwenye gazeti la Guardian la Uingereza, na Juni 2005 Apple ikaziingiza podikasti kwenye iTunes, programu yake ya muziki. Video haikuwa mbali, maana Oktoba mwaka huohuo ilitoka iPod, kile kifaa cha Apple cha mfukoni cha kusikilizia muziki, inayocheza video. Lakini kwa miaka mingi watu waliridhika na sauti, kwa kuwa inakufuata jikoni, kwenye daladala na shambani. Februari 2025 YouTube ikatangaza kwamba watu zaidi ya bilioni moja kila mwezi wanafuatilia podikasti kwake. Mwenye podikasti akisikia namba hiyo, kubaki na maiki peke yake kunamtia wasiwasi.

Turudi kwenye mkasi, maana huko ndiko kazi iliko. Msikilize mtu yeyote anayezungumza bila kusoma: "Tulihamia pale, yaani, eee, mwaka 2010, hapana, mwaka 2012, nanii, baada ya mzee kustaafu." Mhariri wa sauti anafuta kuanzia "yaani" hadi "hapana", anafuta na "nanii", na mgeni anatoka amenyooka: "Tulihamia pale mwaka 2012, baada ya mzee kustaafu." Sikio halishtuki. Lakini katika zile sekunde chache zilizofutwa, mgeni alikuwa ameinama akikumbuka, mkono uko shavuni. Ukiziondoa kwenye picha, kichwa kinaruka ghafla na mkono unapotea, kama mtu aliyepigwa shoti ya umeme. Na mazungumzo ya saa moja yanaweza kuwa na mikato ya aina hiyo zaidi ya mia.

Dawa yake ni kamera ya pili. Mgeni akikatwa, picha inahamia kwa mwenyeji anayetikisa kichwa kukubali, kisha inarudi. Mtazamaji hajui kwamba kule kutikisa kichwa mara nyingine kumetolewa dakika kumi mbele, ambako mwenyeji alikuwa anakubali jambo lingine kabisa. Mimi kichwa naruhusu. Kicheko siruhusu, kwa sababu kicheko cha utani ukikihamishia kwenye habari za deni la mtu, umeshamsingizia mwenyeji wako roho mbaya ambayo hana.

Kamera mbili nazo zina adabu zake. Zote zikae upande mmoja wa mstari wa kufikirika unaowaunganisha wazungumzaji. Ukivuka mstari huo, watu wawili waliokaa wanatazamana wataonekana wote wanaangalia upande mmoja, kama abiria waliokaa siti moja. Ukiongeza ya tatu ili uwaonyeshe wote kwa pamoja, saa moja ya maneno imekuwa saa tatu za picha, na kuna mtu lazima aziangalie zote.

Halafu kuna lile kofi. Huenda umeona mtu anapiga makofi mara moja mbele ya kamera kabla mazungumzo hayajaanza. Hajakaribisha mgeni. Sauti nzuri inarekodiwa kwenye kifaa kimoja na picha kwenye kingine, na lazima viunganishwe baadaye. Kofi linaacha alama mbili zisizokosewa: fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ambapo viganja vinagusana, na mwiba mmoja mrefu kwenye mchoro wa sauti. Unalinganisha hivyo viwili, midomo na maneno vinakwenda pamoja.

Vinakwenda pamoja kwa muda. Kila kifaa kina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zinazolingana sawasawa. Zikipishana kwa sehemu 20 tu katika milioni, baada ya saa moja zimeachana kwa milisekunde 72. Je, ni nyingi? Inategemea nani ametangulia. Viwango vya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, vinaonyesha kwamba sauti ikitangulia picha kwa takriban milisekunde 45 mtu anaanza kuhisi kasoro, lakini ikichelewa anavumilia hadi karibu 125. Sababu haiko mbali. Mtazame mtu anayepasua kuni mita 30 kutoka ulipo: unaona shoka limetua, halafu ndipo mlio unakufikia, kwa kuwa sauti inatembea mita kama 343 kwa sekunde na imechelewa milisekunde karibu 90. Sauti iliyochelewa tumeizoea tangu utotoni. Iliyotangulia mdomo hatujawahi kukutana nayo popote, ndiyo maana inachukiza hata kwa mtu asiyeweza kueleza kinachomkera.

Simu zinaongeza balaa. Nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua au kichakataji kikielemewa, zinapunguza kasi kimyakimya. Na kuna video inayoitwa ya fremu 30 kwa sekunde ambayo kwa hakika ni 29.97. Programu ikikosea kuisoma hiyo kama 30 kamili, kwa saa moja unapoteza sekunde 3.6. Mwanzo midomo iko sawa, mwisho mgeni amenyamaza na sauti yake bado inahutubia.

Mwanga ni shule nyingine. Umeme wa Tanzania, kama wa Kenya na Uganda, unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, wakati wa Marekani ni 60. Taa za tyubu za kizamani na balbu nyingi za LED za bei nafuu hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ikiwa kila fremu inachukuliwa kwa sehemu ya 1/60 ya sekunde, kila moja inanasa kiasi tofauti cha mwanga, na ukutani unapata mistari ya kivuli inayopanda polepole kama wimbi. Ukiweka 1/50 au 1/100 inapotea. Lakini masomo mengi ya kurekodi yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu wa Marekani, nao watakuambia uweke 1/60, na wewe utanunua taa mpya ukidhani zako ndizo mbovu. Nililinunua somo hilo kwa fedha taslimu.

Ongeza ukuta mweupe, ambao ndio ukuta wa nyumba nyingi. Kamera ikiachwa ijiamulie, inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga wa picha nzima, na sura za watu weusi waliokaa mbele zinageuka vivuli vyenye meno. Lazima umwambie mwenye kamera apime mwanga kwenye uso, na ukuta upakwe rangi au ufunikwe. Wageni wawili wa rangi tofauti, mmoja maji ya kunde na mwingine mweusi tii, kila mmoja anataka taa yake.

Joto je? Kwenye sauti tunazima pangaboi na kiyoyozi ili maiki isinase mvumo, tunafunga madirisha, tunatoka jasho kwa amani. Nimewahi kurekodi nikiwa na taulo tu, na kipindi kilikuwa cha masuala ya fedha. Kamera ikiwepo, dakika ya 20 paji la uso la mgeni linang'aa kama sufuria mpya, unasimamisha kila kitu mtu apake poda, na ukirudi kivuli cha dirishani kimeshahama. Kamera yenyewe nayo ikizidiwa na joto inajizima bila kuaga. Zipo kamera za picha za miaka ya nyuma zilizosimama zenyewe dakika ya 29 na sekunde 59. Huo haukuwa ubovu. Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru mkubwa zaidi kwa kifaa kinachoweza kurekodi video dakika 30 au zaidi mfululizo, na watengenezaji wakaona bora wakate sekunde moja kabla. Mtu wa Mbagala aliyenunua kamera ya mtumba anakatizwa mgeni wake katikati ya sentensi kwa sababu ya forodha ya Ulaya.

Maiki nayo inaanza kugombea nafasi. Kwa sauti nzuri inataka kukaa kama kiganja kimoja kutoka mdomoni, na hapo inafunika nusu ya uso. Ukiisogeza mara mbili ya umbali huo, sauti inayoifikia inashuka desibeli 6, unalazimika kuipandisha, na mwangwi wa chumba unapanda nayo. Watu wa sauti tulitatua jambo hili zamani kwa kujifungia kabatini kati ya nguo, au kujifunika blanketi gubigubi. Jaribu kumkaribisha mgeni wa heshima ndani ya blanketi mbele ya kamera tatu. Kwa hiyo magodoro na mablanketi yanahamia nyuma ya kamera, nje ya picha, na chumba kinachoonekana nadhifu upande mmoja ni stoo upande wa pili.

Mafaili nayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayokula usiku. Maiki mbili kwa saa moja, bila kubana kitu, ni kama gigabaiti moja. Kamera moja ya 4K, yaani ya picha safi sana, inayoandika megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45, na tatu ni 135, kabla hujaweka nakala ya akiba. Kazi ikiisha, faili la gigabaiti 10 kwenye intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni saa mbili na dakika 13, umeme usipokatika. Bado picha ya jalada la video, bado vipande vifupi vya kusimama wima kwa ajili ya TikTok, ambavyo vinataka picha ikatwe upya kwa sababu watu wawili waliokaa mbalimbali hawaenei kwenye skrini nyembamba. Na msikilizaji naye ana gharama zake. Saa moja ya sauti ya kawaida haifiki megabaiti 60, wakati saa moja ya video safi inamaliza bando la wiki. Asiyelipia YouTube akizima skrini ya simu, kipindi kinanyamaza.

Hayo yote ni ya vifaa, na vifaa vinatibika kwa pesa na subira. Kuna moja ambalo bado sijalipatia dawa.

Tulimrekodi mzee mmoja wa Tanga aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ujana wake. Mara ya kwanza ilikuwa sauti tu, nyumbani kwake, amevaa singlendi, miguu juu ya mkeka. Akaiga mlio wa mashine ya korona ikichambua majani ya mkonge, akaigiza nyapara aliyekuwa akiwapigia kelele alfajiri, akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Kijana mwenye podikasti akaona mali hiyo inafaa video. Tukarudi wiki iliyofuata na kamera.

"Shikamoo mzee. Leo tutakupiga na picha."

"Marahaba. Mwanangu, ungeniambia mapema, ningekuwa nimeshavaa."

Akaingia ndani, tukangoja nusu saa. Akatoka na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito, akakaa wima, mikono juu ya magoti. Tukapiga kofi, taa zikawaka. Tukamuuliza habari za korona.

"Ile ilikuwa ni mashine ya kuchambulia mkonge," akasema, akaishia hapo.

Nyapara hakutokea kabisa. Tulijaribu mara tatu, hata tukajifanya kamera imezimwa, naye akaitazama ile taa nyekundu, akatabasamu kwa adabu. Mwishowe nilichukua sauti ya siku ya kwanza, nikaiwekea picha moja ya mzee na kanzu yake, nikaipandisha hivyo. Maoni ya kwanza yalikuwa ya mtu anayeuliza kama ni bando lake limeisha, mbona video haitembei.