Elimu kwa Umma: Chuo Kikuu cha Stamford Kilifungwaje?

Kila msimu wa udahili, dawati letu la ithibati, yaani la kuidhinisha vyuo, hupokea malalamiko yaleyale: chuo kina walimu, kina wanafunzi, kina majengo, mnakizuia kwa nini? Ofisi haitoi maoni kuhusu chuo chochote ambacho shauri lake bado liko mezani. Tutafafanua kwa mfano wa zamani, wa mji wa Stamford nchini Uingereza. (Si Stanford ya Marekani.)

Mwaka 1333 ugomvi wa wanazuoni wa kaskazini na wa kusini mwa Uingereza pale Chuo Kikuu cha Oxford ulifika pabaya. Kundi la walimu na wanafunzi likahamia Stamford, ambako watawa walikuwa tayari na shule zao. Masomo yakaanza. Kibali cha mfalme hawakuwa nacho.

Oxford ililalamika hadi kwa Malkia Philippa, mke wa mfalme. Kilichofuata kieleweke vizuri, maana watu hudhani chuo hufungwa kwa usiku mmoja. Agosti 1334 Mfalme Edward III alimwagiza liwali wa Lincoln aende Stamford atangaze hadharani: wanazuoni waondoke, na mwenye lalamiko atasikilizwa hukohuko Oxford. Hawakuondoka. Amri ikatolewa tena. Wakajitetea kwamba Oxford hakukaliki, na kwamba wako chini ya himaya ya John de Warenne, bwana wa mji ule. Hoja haikupita. Himaya ya bwana wa mji si kibali, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mpaka leo. Mwaka 1335 wakaidi wakaandikwa majina, mmoja mmoja, huku adhabu ikiwa kutaifishwa mali, vitabu vikiwamo. Enzi hizo kitabu kilinakiliwa kwa mkono, kwa hiyo adhabu hiyo haikuwa ndogo.

Wapo wanaotuambia basi hiyo ni hadithi tu. Mwaka 1890 Chuo cha Brasenose cha Oxford kilinunua nyumba nzima Stamford kwa sababu ya kigongeo cha mlangoni: uso wa mnyama wenye pete mdomoni, unaosimuliwa kuwa ulibebwa na wahamaji wale. Sasa kimetundikwa katika ukumbi wao wa chakula.

Zuio lenyewe halikuishia hapo. Aliyetunukiwa shahada ya uzamili Oxford aliapishwa kwamba hatafundisha Stamford kana kwamba ni chuo kikuu. Kiapo hicho kiliondolewa mwaka 1827.