Miguu ya mnyama anayetembea haiendi miwili miwili kwa mshazari

Wengi wanaochora wanyama wanaosogea kwa pikseli (vinukta vya rangi vinavyounda picha ya kompyuta) huamini kwamba ng'ombe akitembea, mguu wa mbele wa kulia hunyanyuka pamoja na wa nyuma wa kushoto. Imani hiyo ina chanzo chake: mbwa au farasi anapokimbia polepole hufanya hivyo hasa.

Kutembea ni mapigo manne: kila mguu hukanyaga kwa wakati wake. Mguu wa nyuma wa kushoto hutangulia, kisha wa mbele wa kushoto, wa nyuma wa kulia, wa mbele wa kulia. Kwa mzunguko mmoja wa hatua wenye fremu 8 (picha moja moja zinazofuatana), kila mguu huchelewa fremu 2 baada ya uliotangulia. Angalau miguu miwili hubaki chini, na hapo ndipo uzito wa mnyama unapoonekana. Ngamia ana mwendo wake: miguu ya upande mmoja hukaribia kwenda pamoja.

Kivuli nacho husaidia. Miguu ya upande wa mbali ipewe rangi iliyokolea zaidi kidogo, isichanganyike na ya karibu.

Kuhakiki ni rahisi. Mrekodi mbuzi kwa simu, kutoka ubavuni, akitembea bila kufukuzwa. Itazame video polepole, ukiandika kila mguu unaoacha ardhi.