Tezi inayojaza mayai ya konokono wa tufaha

Nikitaja konokono wa tufaha, Pomacea canaliculata, konokono wa majini anayeharibu mpunga, watu huniuliza hutaga mayai mangapi. Shada moja la mayai huweza kuwa na mamia, na jike hutaga tena na tena msimu mzima. Lakini kinachonivutia ni kile anachokitia ndani ya kila yai.

Kijiyai chenyewe, yaani chembe ya uzazi ya jike, kina akiba ndogo sana. Chakula cha kiinitete kimo kwenye ute unaokizunguka, na ute huo hutoka kwenye tezi ya albumini ya jike baada ya kijiyai kurutubishwa. Humo mna sukari iitwayo galaktojeni na protini chache zilizojazana kwa wingi. Mbili kati yake zinastahili kuangaliwa kwa karibu.

Ya kwanza ni ovorubini. Hubeba astaksanthini, rangi inayoyafanya mayai yawe ya waridi iliyokolea, na ni ngumu ajabu: hustahimili joto linalokaribia nyuzi 95 za Selsiasi, na vimeng'enya vya tumbo haviimegi kwa urahisi. Zaidi ya hayo, huzuia tripsini ya mlaji, kimeng'enya kinachovunja protini, isifanye kazi. Yaani kiinitete hukua kwa chakula ambacho mnyama mwingine akikila hafaidiki nacho.

Ya pili, PcPV2, ni sumu hasa. Ina sehemu mbili zilizounganishwa: moja hushika sukari zilizo juu ya seli, nyingine hutoboa utando wa seli hiyo. Kikundi cha watafiti cha Horacio Heras huko La Plata, Argentina, kilionyesha kwamba panya wakidungwa sumu hii hupatwa na madhara ya neva na hufa. Kwangu mimi huu ni ubunifu wa kushangaza, maana kila sehemu ina ndugu zake wa kale katika kinga za wanyama, ila kuziunganisha ziwe silaha ndani ya yai ni jambo la nadra mno. Rangi ya waridi huwaonya walaji, na ni wachache sana wanaojulikana kuyala mayai haya. Miongoni mwao ni sisimizi wa moto, Solenopsis geminata.

Sasa uzazi. Mbegu za dume si kikwazo, kwani jike huzihifadhi mwilini kwa miezi. Mzigo uko kwenye tezi: ni ghala linalopungua kila shada linapotagwa, halafu lazima lijazwe tena protini na galaktojeni. Jike anayekula vizuri hulijaza upesi, na shamba la mpunga mchanga lina chakula tele. Naamini hapa ndipo panapoeleza kuenea kwake: alitoka Amerika Kusini, akapelekwa Taiwan karibu na mwaka 1980 afugwe kwa chakula, akasambaa katika mashamba ya Asia, na mwaka 2020 akaripotiwa Mwea, Kenya.

Kwa hiyo kuponda mashada pekee hakutoshi. Jike aliyebaki majini anaendelea kula na kuijaza tezi kwa ajili ya shada linalofuata, kwa hiyo aokotwe naye.