Tazama kona kabla ya vigae

Kazi yangu ni usanifu majengo, na wanaonijua hunitumia picha za misikiti. Karibu zote ni za vigae na maandishi ya dhahabu. Mimi jicho langu hukimbilia kwenye kona, pale kuta mbili zinapokutana chini ya kuba. Hapo fundi hana pa kujificha.

Safu za waumini hunyooka, kwa hiyo ukumbi wa kuswalia kwa kawaida huwa na pembe nne. Kuba nalo ni duara. Ukiweka duara juu ya mraba, kona nne zinabaki wazi na kuba linakosa pa kukalia. Isitoshe, kuba halielemei chini tu, bali hujitanua kwenda nje, kama mtu aliyesimama huku miguu ikimteleza kushoto na kulia. Usipolibana chini, linapasuka. Hagia Sophia ya Istanbul, iliyofunguliwa kama kanisa mwaka 537, iliziba kona zake kwa pembetatu nne zilizopinda. Lilikuwa jibu la kijasiri, ila mwaka 558 kuba lilianguka. Walipolijenga upya waliliinua zaidi, maana kuba lililoinuka husukuma nje kwa nguvu ndogo kuliko lililobapa.

Kufikia zama za Sinan, msanifu mkuu wa masultani wa Uthmaniya, jengo hilo lilikuwa msikiti tangu 1453, naye alilijua vizuri. Jibu lake ninalolipenda kuliko yote liko Edirne, Uturuki, katika Msikiti wa Selimiye uliokamilika 1575. Badala ya mihimili minne alitumia minane. Umbo la pembe nane liko karibu zaidi na duara, hivyo pengo la kuziba kwenye kila kona linapungua, na uzito wa kuba lenye upana wa mita 31 hivi unagawanywa mara nane. Mihimili yenyewe ameisogeza kuelekea kutani. Ukiingia, unauona ukumbi wote kwa mara moja, bila nguzo kukukatia mbele. Minara yake minne ni myembamba kama kalamu, na ndani ya miwili kati yake kuna ngazi tatu zinazojizungusha bila kukutana, kila moja ikienda kwenye roshani yake. Hilo la ngazi halikuwa la lazima. Nadhani mzee alikuwa anajifurahisha.

Huko Isfahan, Iran, tatizo lilikuwa la mwelekeo. Uwanja wa Naqsh-e Jahan ulipimwa bila kufuata kibla, na mlango wa msikiti ulitakiwa kuutazama uwanja. Msikiti wa Shah, ulioanza kujengwa 1611, haufichi kitu: lango limenyooka na uwanja, kisha jengo zima linapinda nyuma yake. Jirani yake, Msikiti wa Sheikh Lotfollah, uliojengwa kati ya 1603 na 1619, unafanya ujanja. Ukivuka kizingiti unaingia kwenye ujia wenye kiza, unakata kona, unatembea kidogo, unakata tena, na ghafla uko chini ya kuba huku mihrabu ikiwa mbele yako. Ile hatua ya kiza ndiyo inayofanya mwanga wa ndani uonekane mkali hivyo. Ukisimama uwanjani utagundua kwamba kuba halijakaa katikati ya lango. Limesogea pembeni, na kwangu kasoro hiyo ndiyo uzuri wenyewe.

Córdoba, Hispania, walikuwa na nguzo fupi tu. Msikiti ulianza kujengwa 785, na nguzo nyingi zilitolewa kwenye majengo ya kale ya Kirumi na ya Wavisigothi, waliotawala huko kabla ya Waislamu. Ukumbi mpana wenye dari ya chini huwa kama ghala. Kwa hiyo mafundi walipandisha matao mawili, moja juu ya jingine, hewa ikipita katikati. La chini linazishika nguzo zisiyumbe, la juu linabeba paa. Mistari myekundu ni tofali, myeupe ni jiwe. Jengo liligeuzwa kanisa mwaka 1236, na bado lina nguzo zaidi ya 850.

Nimalizie Djenné, Mali, kwenye msikiti wa udongo uliojengwa upya 1907. Hapa adui ni mvua. Kila mwaka kuta lazima zikandikwe tope jipya, na wakazi wa mji hutoka kuifanya kazi hiyo pamoja. Ndiyo maana kutani kumechomoza safu za vipande vya miti ya mivumo. Nimeulizwa zaidi ya mara moja vina siri gani ya kiroho. Ni vya mafundi kukanyagia wanapokandika.