"Dawa ya nyongeza" ya presha maana yake nini?

Mama mkubwa wangu wa Ujiji huhifadhi vidonge vyake kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Alipoandikiwa dawa ya tatu ya presha, aliacha zile mbili za mwanzo, kwa kuwa alidhani mpya imekuja kuziondoa. Presha ikapanda. Hakukosea kwa ujinga. Neno "nyongeza" halikuwahi kufafanuliwa mbele yake.

Dawa ya nyongeza humezwa pamoja na zile zilizotangulia. Haichukui nafasi ya yoyote. Sababu ni kwamba presha hupandishwa na mambo kadhaa kwa pamoja: mishipa imebana, chumvi na maji vimezidi mwilini. Amlodipini hulegeza mishipa. Dawa ya kukojoza hupunguza chumvi na maji. Ukiacha moja, kazi yake inabaki bila mtu wa kuifanya.

Kwa hiyo madaktari wanapolinganisha dawa za nyongeza, wanauliza ipi inashusha zaidi ikiwekwa juu ya zile zile. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, kwa wagonjwa weusi: amlodipini ikiunganishwa na dawa ya kukojoza, au na perindoprili (dawa nyingine ya presha), ilishusha presha vizuri kuliko hizo mbili bila amlodipini.

Ugumu unakuja kwenye dawa ya nne. Mtu akimeza dawa tatu kwa dozi kamili, mojawapo ya kukojoza, na presha bado iko juu ya 140/90, huitwa mwenye presha sugu. Lakini kwanza ihakikishwe kuwa anazimeza kweli. Mama mkubwa asingehesabiwa humo: aliporudia zote tatu, presha yake ilishuka.

Kwa hao wenye presha sugu, watafiti wa Uingereza walitoa matokeo mwaka 2015 ambayo mimi nayapenda kwa jinsi walivyofanya kazi. Wagonjwa 335 waliendelea na dawa zao, na juu yake kila mmoja akapangiwa kwa zamu, wiki 12 kwa kila zamu, dawa tatu, yaani spironolaktoni, bisoprololi na doksazosini, pamoja na kidonge kisicho na dawa. Yaani mtu alilinganishwa na yeye mwenyewe, tena kwa vipimo vya nyumbani. Spironolaktoni ilishusha namba ya juu ya presha (kama ile 140 kwenye 140/90) kwa karibu 9 kuliko kidonge kitupu, na kwa zaidi kidogo ya 4 kuliko kila moja ya zile mbili.

Kwa nini hiyo? Mwili una homoni inayoiamuru figo ishikilie chumvi, na spironolaktoni huizuia. Sisi tunaokula samaki wa chumvi, na chumvi yenyewe inatengenezwa hapa hapa Uvinza, hilo linatuhusu sana, ingawa hakuna kidonge kinachofuta chumvi ya mezani.

Namba nzuri haitoshi kuchagua. Spironolaktoni hupandisha potasiamu kwenye damu, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kuanza na tena wiki chache baadaye. Wanaume wengine huvimba matiti au kuumwa chuchu. Baba au kaka ikikutokea, usiache kidonge kimya kimya kwa aibu. Mwambie daktari, kuna nyingine mnaweza kujaribu.