Je, wajua kwa nini mgahawa wa mama lishe huvaa rangi za soda na simu?

Ukitembea Mtwara mjini ukielekea Soko Kuu, jaribu kuhesabu migahawa midogo ambayo rangi yake ilichaguliwa na mwenye mgahawa. Huenda vidole vya mkono mmoja vikakutosha. Ukuta mzima ni mwekundu, jina la soda linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na chini kabisa, kwa herufi zilizobanana, pameandikwa tuseme "Mama Somoe Mgahawa". Wa jirani umevaa rangi ya mtandao wa simu. Lindi nako ni hivyo hivyo. Mgeni anayeshuka kwenye basi anaweza kudhani mji mzima unauza soda na vocha, kumbe ndani ya mabanda hayo kuna wali wa nazi, pweza na, msimu wake ukifika, ming'oko, yaani viazi vya porini.

Jibu linalopendwa ni kwamba nyekundu huamsha njaa. Limerudiwa mara nyingi hadi likaonekana kweli. Lakini mwaka 2012 mtafiti Oliver Genschow na wenzake walichapisha majaribio yaliyotoa picha ya kinyume: waliopewa chai kwenye vikombe vyenye alama nyekundu walikunywa kidogo kuliko wa alama ya bluu, na vitafunwa vilivyowekwa kwenye sahani nyekundu navyo viliguswa kidogo. Maelezo yao ni kwamba nyekundu tumeizoea kama ishara ya kusimama. Sisemi mteja wa Mtwara ataususa ugali kwa sababu ya ukuta. Saa saba mchana mwenye njaa haulizi rangi. Ninachosema ni kuwa njaa haimo kwenye hesabu hii.

Kilichomo ni hela ya rangi. Mama lishe anapanga fremu. Kuipaka kunataka plasta izibwe nyufa, ndoo za rangi zinunuliwe, fundi alipwe, kisha mchoraji wa maandishi naye alipwe. Fedha hiyo ikitoka kwenye mtaji, mchele wa wiki nzima umekwenda ukutani, tena ukuta wa mtu: mwenye nyumba akiitaka fremu yake, rangi haibebeki. Sasa anapotokea msambazaji wa soda na ndoo zake, fundi wake, pengine na viti vya plastiki juu, kukataa kunataka moyo. Linakuja pia friji la kioo, ambalo kwa kawaida hubaki mali ya kampuni na lina sharti lake: vinywaji vya mshindani visiingie humo. Kampuni nayo haijatoa sadaka. Ukuta unaosomwa na kila abiria wa bajaji kwa miaka kadhaa ni tangazo la bei nafuu mno.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1894, katika mji wa Cartersville, jimbo la Georgia nchini Marekani, mwuza shira wa Coca-Cola alichora tangazo la kinywaji hicho kwenye ukuta wa duka la dawa. Kinywaji kilikuwa na umri wa miaka minane tu. Ukuta huo unatajwa kuwa wa kwanza wa aina yake kwa kampuni hiyo, na mchoro bado upo. Baadaye yakaenea mabango ya makubaliano: kampuni inatengeneza bango bure, jina lake linachukua sehemu kubwa, na la mwenye duka linapata kipande. Mama Somoe anaishi ndani ya mkataba huo huo, hata kama kwake haukuandikwa popote.

Kasoro yake ni kwamba rangi ya kuazima ina mwenyewe. Kampuni ya simu ya Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na mwishoni mwa 2024 Tigo ikawa Yas. Kila jina lilikuja na rangi zake, na kuta zikafuata. Mpishi ni yule yule, mchuzi ule ule, ila dereva wa lori la korosho aliyekula hapo msimu uliopita anautafuta ukuta asiouona tena. Akielekezwa "pale penye ukuta mwekundu", anakuta zipo nne.

Halafu kuna joto, jambo ambalo sisikii likizungumzwa kabisa. Rangi iliyokolea humeza mwanga wa jua na kuugeuza joto, nyeupe huurudisha ulikotoka. Nyumba za kale za Mikindani, mji wa pwani jirani na Mtwara, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Haikuwa urembo mtupu. Chokaa huuacha unyevu upite, wakati rangi ya mafuta inauziba ndani. Ukuta wa pwani wenye chumvi ukizibwa hivyo, rangi huvimba mapele na kubanduka. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na alasiri, kama kila mahali, linahamia magharibi. Ukuta wa kusini ndio unaoungua kidogo zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Huo ndio ningewapa watu wa soda. Wao watataka unaotazama barabara, bila shaka, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza: jina langu liwe kubwa kiasi gani, rangi ikipauka nani anarudia, na ndani asiguse mtu.

Jioni inaleta habari nyingine. Katika karne ya 19 mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkinje, aligundua kwamba mwanga ukififia, nyekundu ndiyo inayotangulia kuwa nyeusi machoni, huku bluu na kijani zikidumu. Jicho la gizani linatumia chembe tofauti na zile za mchana, na chembe hizo haziioni nyekundu vizuri. Banda la chipsi mayai au la pweza linaanza biashara wakati huo huo, baada ya saa kumi na mbili. Ukuta mwekundu usiomulikwa taa, kwa mpita njia, ni kiza tu.

Ndani ndiko mama lishe ana uhuru wake, na ndiko wengi huishia kutofanya lolote. Anzia kwenye taa. Balbu nyeupe yenye ubluu inamfanya samaki wa kukaanga aonekane wa jana. Kwenye boksi la balbu huandikwa namba yenye herufi K: 2700 au 3000 ni mwanga wa njano unaopendeza chakula, 6500 ni ule wa dukani. Badala ya viti vya plastiki vyenye jina la mtu, benchi la saruji lililoshikana na ukuta, kama baraza, halihami wala haliibwi, na juu yake mkeka wa ukili unatosha. Chagua rangi moja uirudie kwenye vitambaa vya meza, aproni na kifuniko cha hotipoti.

Rangi hiyo itoke nje pamoja na chakula. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Tanzania, hivyo vitumbua vinaondoka kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, na mhuri wa mpira uliochongwa jina lako ni nembo ya bei rahisi kuliko zote. Gonga upande wa nje, wino usiguse chakula.

Jina hilo lisajiliwe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, lakini jua kwamba kusajili jina la biashara si sawa na kusajili nembo. Nembo ina sheria yake ya mwaka 1986: ulinzi wa miaka 7 kwanza, kisha unahuishwa kwa miaka 10. Tena husajiliwa kwa makundi ya bidhaa na huduma. Huduma ya mgahawa ni kundi la 43, pilipili ya chupa ni la 30, korosho za kukaanga zilizofungashwa ni la 29, kwa hiyo anayeuza vyote vitatu kwa nembo moja aombe kwa makundi yote matatu.