Mwenye Nyumba Akisema Anakarabati: Mpangaji wa Kenya Ana Haki Gani?

Notisi yenyewe huwa fupi. Imebandikwa langoni, au keateka, yaani msimamizi wa ploti, ameituma kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji: "Ploti inafanyiwa ukarabati. Wapangaji wote wahame kabla ya tarehe 30." Haina sahihi, na mara nyingine haina hata jina la mwenye nyumba. Siku mbili baadaye lori linamwaga mchanga na kokoto uani, na watu wanaanza kutafuta mkokoteni wa kubebea vitanda.

Mimi ni wakili katika kituo cha msaada wa kisheria, na wengi wanaokuja kwangu na kisa kama hiki wanakuja wakiwa wameshahama. Wanataka kujua kama walionewa. Mara nyingi jibu ni ndiyo, lakini kumrudisha mtu kwenye chumba ambacho sasa hakina paa ni kazi ngumu kuliko kumsaidia akiwa bado ndani. Ndiyo maana naandika makala haya kwa ajili ya yule ambaye notisi imemfikia juzi na bado ana ufunguo mfukoni.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ukarabati, peke yake, hauvunji upangaji. Mwenye nyumba ana haki ya kutengeneza mali yake, na kwa kweli sheria inamlazimu kuitunza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inasema kwamba nyumba ya kuishi inayokodishwa lazima iwe inafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni mwa upangaji na ibaki hivyo wakati wote. Kifungu hicho hicho kinampa mpangaji haki ya kukaa kwa amani bila kuingiliwa, na kinamruhusu mwenye nyumba kuingia kwa wakati unaofaa kukagua na kurekebisha, mradi asivuruge matumizi ya mpangaji kupita kiasi. Kwa hiyo fundi akija kubadilisha mabomba, kupaka rangi au kuziba nyufa, mfungulie. Hiyo si sababu ya wewe kuhama, na hakuna aliye na ruhusa ya kuigeuza kuwa sababu.

Kinachomaliza upangaji ni notisi halali, na pale unapokataa kutoka, ni amri ya korti au ya jopo linalohusika. Sasa notisi ipi ni halali, na jopo lipi, inategemea umepanga nini, duka au nyumba ya kuishi. Nitaanza na wenye maduka, kwa sababu wao wana ulinzi mkubwa kuliko wanavyodhani.

Kuna sheria ya mwaka 1965 inayohusu maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Neno "duka" ndani yake ni pana: ni mahali popote panapotumika zaidi kwa kuuza bidhaa, rejareja au jumla, au kwa kutoa huduma ya kulipiwa. Saluni, kinyozi, saiba, duka la dawa, fundi cherehani, wote wamo. Sheria hii hulinda upangaji unaoitwa upangaji uliodhibitiwa, na hapa ndipo watu wengi hushangaa ninapowaeleza. Upangaji ambao haukuandikwa popote, ule wa kupeana mkono na kulipa kwa M-Pesa kila mwezi, umedhibitiwa. Ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5 pia umedhibitiwa. Hata ulioandikwa kwa muda mrefu zaidi huwa umedhibitiwa ikiwa una kipengele cha kuuvunja kabla ya miaka 5 kwa sababu isiyokuwa ukiukaji wa masharti.

Nimewasikia wafanyabiashara wa miaka mingi wakisema, "Wakili, mimi sina mkataba, sina haki." Ni kinyume. Kukosa karatasi ndiko kunakowaweka ndani ya ulinzi wa Sura ya 301. Ukiona mwenye jengo anakusukuma utie sahihi mkataba wa miaka 5 na miezi 3, jua kuna aliyemshauri namna ya kuukwepa ulinzi huo. Huenda mkataba wenyewe ukakufaa, kwa kuwa unakupa muda mrefu wa uhakika, ila usome hadi mwisho kabla ya kutia sahihi.

Katika upangaji uliodhibitiwa, mwenye jengo anayetaka utoke lazima akupe notisi kwenye fomu iliyowekwa na sheria, isiyopungua miezi 2, na aandike ndani yake sababu anayoitegemea. Barua ya kawaida haitoshi. Ujumbe wa simu hautoshi. Na sababu haziwezi kuwa zozote anazotaka, zimeorodheshwa katika kifungu cha 7. Inayohusu ukarabati inasema hivi kwa ufupi: mwenye jengo anakusudia kubomoa au kujenga upya jengo au sehemu yake kubwa, au kufanya kazi kubwa ya ujenzi humo, na hawezi kwa njia ya busara kuifanya kazi hiyo bila wewe kutoka.

Isome tena sentensi hiyo, maana kesi nyingi zinashindwa au kushinda ndani yake. Ina vizuizi viwili. Kwanza, kazi iwe kubwa. Kubadilisha vigae, kuweka dirisha la alumini au kupaka rangi upya mbele ya duka hakufiki hapo. Pili, isiwezekane kufanyika ukiwa ndani. Kama jengo linaweza kukarabatiwa upande mmoja baada ya mwingine, au usiku, au kwa wewe kufunga wiki moja kisha kurudi, basi hoja yake imepungua nguvu. Juu ya hayo, kusudio liwe la kweli na lililokomaa. Jopo linaloamua migogoro hii hutaka kuona ramani zilizoidhinishwa, kibali cha kaunti, na dalili kwamba pesa za mradi zipo. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, uendelezaji wa jengo unahitaji idhini ya kaunti, na miradi ya ujenzi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ukimwomba mwenye jengo nakala za hati hizo, humchokozi. Unaomba kile ambacho yeye mwenyewe atatakiwa kukionyesha.

Ninasisitiza jambo hili kwa kuwa nimeona mbinu ya "ukarabati" ikitumika mno jengo linapobadilisha mikono. Mnunuzi mpya anakuta wapangaji wa miaka 20 wanaolipa kodi ya zamani. Anajua kupandisha kodi ya upangaji uliodhibitiwa nako kunahitaji notisi ya miezi 2 kwenye fomu, na kwamba mpangaji anaweza kuipinga. Njia ya mkato inakuwa kutangaza mjengo, kuwatoa wote, kupaka rangi, na kuweka wengine kwa kodi maradufu. Kununua jengo hakufuti upangaji uliomo. Mnunuzi anaurithi jinsi ulivyo.

Haya, notisi imekuja kwenye fomu sahihi. Ndani ya mwezi 1 tangu uipokee, mjibu mwenye jengo kwa maandishi useme unakubali au hukubali. Kisha, kabla ya tarehe ya kuhama iliyoandikwa kwenye notisi, peleka shauri mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo wengi hulijua kwa herufi BPRT (Business Premises Rent Tribunal). Ukishalipeleka, notisi haina nguvu hadi jopo liamue. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini ukinyamaza, ukaiweka notisi kwenye droo ukisubiri uone itakuwaje, tarehe ikifika inaanza kufanya kazi kana kwamba ulikubali. Sijui namna ya kulieleza hili kwa uzito unaostahili. Watu wenye kesi nzuri kabisa wamepoteza maduka yao kwa kukaa kimya tu.

Kosa la pili linalowaangusha ni hasira. Mpangaji anaona vumbi linaharibu bidhaa, wateja wamepungua, anaamua, "Silipi kodi mpaka mjengo uishe." Kutolipa kodi kwa miezi 2 ni sababu nyingine ya kuondolewa, nayo ni rahisi kuithibitisha kuliko ujenzi. Umempa silaha mtu aliyekuwa hana. Endelea kulipa, weka risiti na jumbe za M-Pesa. Mwenye jengo akikataa kupokea kodi, andika kwamba ulijaribu na tarehe gani, kisha liombe jopo likuelekeze pa kuilipa. Hasara uliyopata kwa vumbi na kelele idai kwa njia ya malalamiko, kwa kuwa jopo lina mamlaka ya kuchunguza lalamiko la mpangaji na kutoa amri.

Kwa nyumba za kuishi, mambo ni magumu zaidi, na sitayapamba. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekaa miongo mingi bila kuguswa, kwa hiyo wapangaji wengi wa mijini leo wako nje. Muswada wa mwaka 2021 uliotaka kuunganisha sheria za upangaji haukufika kuwa sheria. Kwa maoni yangu hili ni pengo linalowaumiza watu wa kipato cha chini na cha kati kila mwezi, na Bunge linapaswa kulishughulikia.

Hata hivyo usijitoe haraka. Kama unaishi kwenye chumba cha Sh2,000, huenda bado umo ndani ya Sura ya 296, na huwezi kuondolewa bila amri ya Jopo la Udhibiti wa Kodi, ambalo lazima lione kwamba ni haki kukutoa. Sheria hiyo pia inafanya kuwa kosa la jinai mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame au alipe zaidi.

Kama kodi yako ni ya juu kuliko hapo, unaishi chini ya Sheria ya Ardhi na mkataba wako. Ikiwa mkataba una muda maalumu na hauna kipengele cha kuuvunja kwa sababu ya ukarabati, mwenye nyumba anapaswa kusubiri uishe au akubaliane nawe. Ikiwa unalipa mwezi kwa mwezi bila mkataba, kifungu cha 57 kinataka notisi isiyopungua kipindi cha upangaji, yaani mwezi mmoja, na iishe siku ya kulipa kodi. Ile notisi ya langoni ya tarehe 20 inayosema uhame tarehe 30 haifiki. Ukitimuliwa kabla ya hapo, mahakama ya hakimu yenye mamlaka ya kesi za ardhi inaweza kutoa amri ya kusimamisha.

Na zile mbinu tunazozijua sote? Kung'oa mlango, kuezua mabati mtu akiwa ndani, kukata maji na stima, kubadilisha kufuli ukiwa kazini. Mwenye nyumba anaweza kuziita "sehemu ya ukarabati," lakini kuchukua nyumba iliyokaliwa bila kupitia kortini hakuruhusiwi. Piga picha na video zinazoonyesha tarehe. Nenda kituo cha polisi urekodi, na uondoke na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), hata kama ofisa atakwambia hiyo ni kesi ya madai. Waulize majirani kama wako tayari kutoa ushahidi, kwa sababu wapangaji 12 wanaosimama pamoja hupokelewa tofauti na mmoja.

Huenda baada ya kuyasikia haya ukaamua kuhama kwa hiari. Si vibaya. Majengo mengine kweli ni hatari, na hakuna kodi inayostahili maisha ya watoto wako. Ila usihame kwa ahadi ya mdomo. Ukiambiwa utarudi mjengo ukiisha, usitegemee kwamba sheria itakurudisha, hivyo taka iandikwe: kazi itachukua muda gani, utarudi chumba kipi, kwa kodi ipi, depositi yako inarudishwa sasa au inabaki, nani analipia gari la kuhamia, na itakuwaje kazi ikichelewa. Wote watie sahihi, na shahidi mmoja. Wenye nyumba wengi hukubali mambo haya wakati bado wanakuhitaji utoke kwa amani. Ukishatoka, hamu hiyo huisha.

Kama huna pesa za wakili, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa kwa Sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya watu kama wewe, na Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, kimewasaidia wapangaji kwa muda mrefu. Unapokwenda, beba notisi yenyewe, mkataba kama upo, risiti au taarifa ya M-Pesa ya mwaka uliopita, picha za mjengo, na jina kamili la mwenye nyumba. Jina la keateka peke yake halitoshi. Na ikiwa notisi imekufikia leo, andika tarehe ya leo nyuma yake kabla hujaiweka chini, kwa sababu siku zako zinaanza kuhesabiwa hapo.